Kilomita ya Tano Ilipokelewa na Mama Mkwe

Mkimbiaji anayeanza hupewa kipimo kimoja kilicho rahisi kuliko vyote: anapokimbia, awe anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa kuimaliza, anakwenda kasi kuliko mapafu yake, apunguze. Akiweza kuimba, aongeze kidogo. Hakihitaji saa wala mashine, mdomo unatosha. Ila waliokitunga hawakutufikiria sisi tunaokimbia peke yetu. Wawili wakikimbia pamoja watazungumza ya dunia. Wewe uliye peke yako alfajiri ya Jumamosi, sentensi nzima utamwambia nani? Unajiambia mwenyewe, kwa sauti, na mtu aliye katika kilomita ya tano hajiambii maneno ya busara.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya kukimbia kilomita tano bila kutembea hata hatua moja. Nilikuwa nafuata ule mpango wa wiki 9 unaojulikana na wakimbiaji wachanga karibu wote, aliouandika Mmarekani Josh Clark mwaka 1996. Mazoezi ni mara 3 kwa wiki, na kati ya siku moja na nyingine unapumzika. Wiki ya kwanza inakudekeza: unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, hivyo hivyo mpaka dakika 20 zitimie. Wiki zinazofuata kukimbia kunarefuka na kutembea kunafupishwa, polepole, hata hushtuki. Unakuja kushtuka wiki ya tano. Siku ya pili ya wiki hiyo unakimbia dakika 8 mara mbili na katikati unapumua kwa dakika 5 za kutembea. Siku ya tatu, bila onyo lolote la maana, unaambiwa kimbia dakika 20 mfululizo. Ukiivuka siku hiyo, zilizobaki ni ubishi tu baina yako na miguu.

Nilikuwa nimepanga raha zangu za wikendi kwa utaratibu. Nirudi nyumbani, nioge maji ya moto, nikae kwenye kiti cha roshani na kikombe cha chai, ndipo niitoe simu na kuisoma namba: 5.00. Namba hiyo sikutaka kuitazama barabarani. Raha kama hizo hazilipuliwi.

Maandalizi yalikuwa ya mtu anayejua anachofanya. Raba ziwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia, na kucha inayogonga ncha ya kiatu kwa kilomita tano hugeuka nyeusi na baadaye hukuaga. Kamba unazipitisha kwenye lile tundu la mwisho kabisa, ambalo wengi hudhani ni la urembo. Kila upande unaacha kitanzi kidogo, kamba ya kulia inaingia kitanzi cha kushoto na ya kushoto cha kulia, unavuta kuelekea chini halafu unafunga fundo mara mbili. Kisigino kinatulia, na lengelenge linakosa pa kuanzia. Soksi ziwe za nyuzi zisizoshika maji, maana pamba ikilowa jasho haikauki.

Kisha kunapakwa mafuta ya mgando kwenye kwapa, katikati ya mapaja na kwenye chuchu. Wanaume wengi hucheka wakisikia hilo la chuchu. Hucheka mara moja tu. Mimi nilifungua kopo nikakuta ni tupu, limekwanguliwa likang'aa. Nyumbani kwetu kuna mtu anayepaka mafuta hayo visigino vyake usiku kisha analirudisha kopo kabatini kana kwamba bado lina kitu. Mtu huyo si mimi, na nyumbani tuko wawili.

Ikabaki simu. Niliiweka kwenye hali ya kutosumbuliwa ili asipige mtu nikiwa katikati ya safari. Nikasimama mahali pa wazi mpaka GPS ikashika satelaiti sawasawa, maana ukianza kabla haijatulia, mita za kwanza inakuchorea juu ya mapaa ya watu. Nikabonyeza kuanza, nikaitia mfuko wa bukta. Sasa hapa pana jambo la ufundi. Programu za kupimia mbio mara nyingi huacha skrini ikiwaka ili uone umbali unavyopanda. Skrini hutambua kidole kwa sababu mwili unapitisha umeme kidogo, na kitambaa kilicholowa jasho, kwa chumvi ile, kinaupitisha pia. Simu iliyogandana na paja linalotoka jasho ni simu inayoguswa na vidole mia. Dawa ni kuizima skrini kwa kitufe cha pembeni, kwani programu inaendelea kuhesabu hata skrini ikiwa nyeusi, ilimradi kile kipengele cha kubana betri kisiiue. Yangu ina kitufe chake cha kufunga skrini, ila walioitengeneza wamekificha nyuma ya vitone vitatu, ndani ya orodha, chini ya mahali pa kubadilisha rangi.

Na hali ya kutosumbuliwa, kumbe, huzuia simu zinazoingia tu. Zinazotoka haizigusi.

Nikatembea haraka dakika 5, kisha nikaanza. Njia nilikuwa nimeichagua ya kwenda na kurudi, kilomita mbili na nusu kila upande. Naipenda kwa sababu ukifika mwisho wake huna ujanja. Hata ukikata tamaa, nyumbani ni mbali kule kule. Kilomita ya kwanza nikaenda taratibu kupita nilivyotaka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa anayeanza kwa mbwembwe huzilipa kilomita ya nne na riba juu yake. Mwendo wangu ulikuwa dakika 9 kwa kilomita. Joshua Cheptegei wa Uganda mwaka 2020 alizimaliza mita 5,000 kule Monaco kwa dakika 12 na sekunde 35. Muda huo mimi ndiyo kwanza niko kilomita moja na mita 400 hivi, na kuna mama mwenye mtungi aliyekuwa ananifikia.

Kilomita mbili na nusu, nikageuka. Kilomita ya tatu ikapita. Ya nne ikaja na kichomi, upande wa kulia chini ya mbavu. Kichomi hakitaki ushujaa. Unapunguza mwendo, unabonyeza kwa vidole viwili panapouma, unainama kidogo mbele na kupuliza pumzi ndefu huku midomo umeibana: huuuu. Baada ya dakika moja au mbili huachia. Nikapuliza, kikaachia, lakini hapo tena miguu ilikuwa imeanza mgomo. Nikaingia kwenye mbinu mbili za kumalizia. Moja ni kuchagua nguzo ya umeme iliyo mbele na kuahidi kwamba ukiifikia utatembea. Ukiifikia, unavunja ahadi na kuchagua nyingine. Ya pili ni kuhesabu hatua hadi mia kisha kuanza tena moja, akili ipate kazi nyingine badala ya kusikiliza mapaja. Zote nilizifanya kwa sauti, maana kipimo ni kipimo. Nilipofika nilikoanzia nikatoa tamko la mwisho na kujitupa majani.

Sikulala kwa muda. Ukisimama ghafla baada ya kukimbia, damu hubaki miguuni na kizunguzungu hukushika, kwa hiyo unatembea pole pole dakika 5 hata kama majani yanakuita. Nikatembea. Nikapanda ngazi hadi kwetu ghorofa ya pili. Mke wangu alikuwa bado amelala, na yeye Jumamosi simu huizima mpaka saa tatu. Nikaingia bafuni.

Maji ya moto yakanipitia kichwani, shingoni, mabegani. Raha ile nilikuwa nimeingoja wiki nzima. Kisha yakafika kifuani na kwapani.

Fulana iliyolowa husugua ngozi hatua baada ya hatua, na jasho likikauka huacha chembe za chumvi zinazokwangua kama msasa. Ukiwa bado unakimbia husikii. Ngozi huchubuka kimya kimya na hungoja maji. Yalipoigusa nikapiga ukelele ambao sikujua ninao: "Mama yangu weee, nakufa!"

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka sebuleni: "Yuko humo! Vunjeni!"

Komeo la bafuni letu si la kuhimili bega la shemeji. Liliruka likaingia kwenye ndoo. Shemeji akasimama mlangoni kashika fimbo ya ufagio, mimi nimesimama na povu machoni, na nyuma yake nikasikia watu wengi zaidi ya wanaostahili kuwa nje ya bafu la mtu.

"Yu hai?" akauliza Mama Mkwe.

"Yu hai, Mama," shemeji akasema huku akigeuza uso ukutani, "ila hana nguo."

Nikaivuta taulo. Kwa kuwa adabu ni adabu, nikatoa mkono mmoja nje ya mlango usiofungika na kuupungia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekwenda?"

"Kina nani?"

"Waliokuteka."

Ilichukua muda kuupata mkanda mzima. Tulikaa sebuleni: mke wangu na usingizi wake, shemeji na fimbo yake, jirani mzee wa ghorofa ya chini aliyepanda kusaidia, vijana wawili ambao hadi leo sijui ni wa nani, na mimi nimevaa shati kinyume. Mama Mkwe alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. Jana yake jioni alikuwa amenipigia nikamkosa, na jina lake likabaki kwenye skrini yangu na ile alama ya kumpigia. Vile vidole mia vya paja langu vilifanya kazi mbili kwa mpigo: vikaisimamisha programu ya mbio, kisha vikampigia yeye.

"Nikapokea," akasema. "Nikasema haloo, mwanangu, haloo. Kimya. Pumzi tu. Nikajua mtu huyu anakimbizwa. Mara nikasikia unasema, 'Mguu wa kushoto umeshakwenda.' Nikakaa chini."

"Mama, nilikuwa..."

"Ngoja. Ukasema, 'Nguzo moja tu, ya mwisho, niachie hapo.' Nikamwambia kaka yako huyu, amefungwa kwenye nguzo. Halafu ukaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka mia. Ukifika mia unarudi tena moja! Nikasema maskini, wanamchapa na wanamhesabisha."

Mzee wa chini akatikisa kichwa kwa huzuni. Alikuwa amekalia kiti changu cha roshani, kilichoingizwa ndani kwa ajili yake, na chai iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa na harufu ya chai yangu.

"Mwisho," Mama akaendelea, na sauti ikamkwama, "ukasema, 'Basi. Nimemaliza. Asante Mungu.' Kikasikika kishindo. Nikakata simu, nikachukua mtandio, tukaja."

Nikaeleza yote. Kipimo cha sentensi, kichomi, nguzo, hesabu, mchubuko. Nikaeleza na kopo la mafuta, nikimtazama mke wangu, naye akatazama dari. Waliposikia kwamba hakuna maiti, watu waliridhika nusu nusu. Mmoja wa wale vijana aliondoka dakika hiyo hiyo.

Shemeji hakuridhika kabisa. Ni mtu wa ushahidi. "Hizo kilomita tano ziko wapi?"

Nikaitoa simu kwa mbwembwe. Namba iliyoandikwa pale ilikuwa 4.31. Muda: dakika 38 na sekunde 47. Chini yake, kwa rangi ya kijivu: imesimamishwa.

"Hujafika," akasema.

"Nimefika! Niligeukia kwenye mbili na nusu, nikarudi mpaka pale pale nilipoanzia. Hesabu gani hiyo isiyotoa tano?"

"Ningependa kuona mashine ikisema."

Nikamwambia mashine yenyewe ni ya kubahatisha: GPS ya simu hukosea mita kadhaa hata penye anga wazi, na kando ya majengo marefu mawimbi hugonga kuta kwanza ndipo yafike, kwa hiyo kilomita 5 zaweza kusomeka 4.95 au 5.05 bila mtu kudanganya. Nikamwambia njia za mbio rasmi hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio maalumu gurudumuni, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Akasikiliza yote kwa heshima. "Lakini mita 690," akasema, "hizo si za kuta."

Mama Mkwe akavaa miwani. "Tulizungumza muda gani?"

"Hatukuzungumza, Mama."

"Nilikusikiliza muda gani?" Akafungua orodha ya simu zilizopokelewa, akaisogeza mbali na macho. "Dakika 6 na sekunde 12."

Mzee wa chini, ambaye kumbe maisha yake yote alifundisha hesabu, akaomba kalamu. Kwanza akagawa 38 na sekunde zake kwa 4.31, akapata dakika 9 kwa kila kilomita, barabara kabisa. Kisha akaandika 0.69 mara 9. Akanywa chai. "Dakika 6 na sekunde 12," akasema, "na vijisehemu." Akajumlisha na zile za kwanza, akatugeuzia karatasi. Dakika 44 na sekunde 59.

Hata shemeji alinyamaza. Mita 690 za mwisho, ambazo satelaiti zote za angani hazikuziona, zilikuwa zimerekodiwa na mama mkwe wangu sikio kwa sikio, pumzi kwa pumzi, hadi kishindo cha majani. Sijui mkimbiaji mwingine aliyethibitishiwa namna hiyo. Nikataka kusimama nimshukuru. Nilikuwa nimekalia kigoda, kwa kuwa viti vilikuwa na wenyewe, na baada ya nusu saa ya kukaa chini mapaja yalikuwa yameganda. Nikasimama kwa awamu tatu, shemeji akisukuma.

Mama hakuwa na haraka ya kuondoka. Akauliza mpango wenyewe ukoje. Nikamweleza wiki ya kwanza, zile sekunde 60 na sekunde 90, nikamwambia na ninalolijua juu ya chanzo chake: Clark aliutunga kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa na umri wa miaka 50 na kitu na hakuwa mkimbiaji. Hapo akavua miwani.

"Kwa ajili ya mama yake," akarudia, akimtazama shemeji, kisha akanitazama mimi. Mke wangu akaanza kunikonyeza ninyamaze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na kiti cha roshani kilikuwa bado kina mtu.

Jumapili ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya hayaji siku ile ile. Huchelewa, yakakomaa kati ya saa 24 na 72. Na kupanda ngazi si tatizo. Tatizo ni kushuka, maana unaposhuka msuli wa mbele ya paja unarefuka huku umebeba uzito wote wa mwili, na kazi hiyo ndiyo inayouchana zaidi. Mwenye maumivu hayo akishuka kinyumenyume anaumia kidogo. Haipendezi kutazama, lakini inafika.

Nililijua hilo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele ya mlango ilipolia na mke wangu akavuta shuka akisema, "Ni mama. Amevaa raba."

"Mwambie leo napumzika."

"Nimeshamwambia. Anasema wewe utembee tu, yeye ndiye atakayekimbia. Na ameleta kopo jipya la mafuta."

Nikashuka ghorofa mbili kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli, mgongo mbele. Mzee wa hesabu alifungua mlango wake akanisalimu mgongo. Chini kabisa Mama Mkwe alikuwa akipiga miguu papo kwa papo, saa mkononi, simu kaifunga kiunoni kwa mtandio, na alikuwa ameanza kuzungumza kabla sijafika ngazi ya mwisho: habari za harusi ya binamu, nani alikosa kualikwa na nani alialikwa akachelewa. Alizungumza dakika zote 5 za kutembea haraka. Zilipoanza sekunde 60 za kukimbia hakukata hata koma. Kwa kile kipimo cha sentensi, mama huyu ni bingwa wa dunia. Mimi ndiye niliyekuwa nahema, nikimfuata upande upande.

"Kwa hiyo nikamwambia shangazi yako," akanigeukia bila kupunguza mwendo, "hebu ngoja, nani huyo anaongea?"

Kiunoni mwake, ndani ya mtandio, sauti ya shemeji ilikuwa ikiita: "Haloo? Mama? Haloo! Mbona unahema?"